Sura ya Nne: Mbona Mnabanana Hivyo?

Kila Jumapili klabu yetu ya baiskeli hutoka Limuru kabla jua halijachomoza. Hupita Uplands na Kimende, kisha hugeuzia Soko Mjinga, ambako wakulima wa Kinale hupanga kabichi, karoti na viazi kando ya barabara kuu iendayo Naivasha. Tunaegemeza baiskeli kwenye magunia, tunaagiza chai, na kwa muda wa nusu saa hivi tunakuwa majirani wa wauzaji. Asubuhi moja mama muuza karoti alinitazama nikivua glavu, akaniuliza:

“Mwanangu, mbona mnabanana hivyo? Barabara yote hii, na nyinyi mnafuatana kama vifaranga. Wa mbele akianguka, si mtaanguka nyote?”

Nikamjibu, “Ni upepo, mama.”

Akainua macho kuitazama mikaratusi ng'ambo ya barabara. Hakuna jani lililotikisika.

“Upepo gani?”

Wateja wakamwita, nami nikabaki na kikombe changu. Swali lake nimeulizwa pia na shemeji yangu, na dereva wa lori aliyesimama kutusaidia pampu, na mzazi aliyekuja kuhakikisha kwamba binti yake hajiungi na watu wanaotafuta kifo. Wote wanastahili jibu kamili kuliko lile nililompa mama wa karoti.

Upepo gani?

Hata siku ambayo hewa imetulia kabisa, mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo wake. Hewa imesimama, yeye ndiye anayeipasua. Ukitaka kuuhisi, panda matatu na utoe kiganja dirishani kidogo. Gari likitambaa stendi, hutahisi kitu. Likishika barabara kuu, kiganja kitasukumwa nyuma mpaka bega lichoke. Hewa haikubadilika. Kilichobadilika ni mwendo wako.

Nguvu za miguu ya mwendesha baiskeli huliwa na mambo matatu: mlima, msuguano wa tairi na lami, na hewa. Ukienda polepole kama mtu anayetembea, hewa haili hata senti. Lakini kwenye tambarare, ukifika kilomita 30 kwa saa, karibu robo tatu ya nguvu zako zinaishia kusukuma hewa ambayo huioni.

Hesabu yake inashangaza kidogo, na ndiyo ufunguo wa sura nzima. Chukua mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa, akaongeza mwendo hadi 30. Ameongeza nusu tu. Ukinzani wa hewa, yaani ile nguvu ambayo hewa inamrudisha nayo nyuma, wenyewe umeongezeka zaidi ya mara mbili. Sababu ni kwamba sasa kila sekunde anakutana na hewa nyingi zaidi, na hewa hiyo anaigonga kwa kasi zaidi. Hasara hizo mbili hazijumlishwi, zinazidishana. Na kwa kuwa anausukuma ukinzani huo akiwa katika mwendo mkubwa zaidi, kazi ambayo miguu yake inafanya kila sekunde dhidi ya hewa imefika zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana kijana mwenye nguvu akitoka peke yake hushangaa kwamba 25 aliipata kwa wepesi, 30 kwa jasho, na 35 haipatikani hata akilia.

Limuru iko juu ya bahari kwa zaidi ya meta 2,200, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu humusi moja. Mgeni kutoka Pwani hufurahi akisikia hivyo, kwa sababu kuna hewa kidogo ya kusukuma. Furaha hiyo humwisha kwenye mlima wa kwanza, kwani hewa hiyo hiyo ndiyo anayoivuta kifuani, na kila pumzi ina oksijeni pungufu kuliko aliyoizoea nyumbani.

Umande wa kwanza

Wachuma chai wa Tigoni wakiingia shambani alfajiri hufuatana kwenye vijia vyembamba katikati ya michai. Anayetangulia hulowa mpaka kiunoni, kwa sababu umande wote wa usiku unamsubiri yeye. Wa pili hulowa kidogo. Wa tano hufika na sketi karibu kavu. Njia ni moja na umande ni ule ule, ila mtu mmoja ameubeba kwa niaba ya wenzake.

Baiskeli ni hivyo hivyo. Anayetangulia huitenga hewa, na nyuma ya mgongo wake hubaki nafasi ambayo hewa yake imekwisha kuvurugwa na inaelekea mbele pamoja naye. Sisi huiita nafasi hiyo kivuli cha upepo. Ukiingia ndani ya kivuli hicho, gurudumu lako la mbele likiwa karibu na gurudumu lake la nyuma, unaokoa kati ya robo na theluthi ya nguvu zako kwa mwendo ule ule. Ukirudi nyuma meta tatu au nne, faida hiyo inapungua, kwa maana hewa inajifunga tena nyuma ya mtu upesi, kama maji nyuma ya ngalawa.

Ndiyo sababu tunabanana, mama.

Kundi likiwa kubwa, faida huongezeka. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Eindhoven, Uholanzi, walichapisha matokeo ya kupima mfano wa kundi la waendeshaji 121. Waliona kwamba aliye ndani ya kundi, katikati kuelekea nyuma, hupambana na ukinzani wa asilimia 5 hadi 10 tu ya ule ambao angekutana nao akiwa peke yake kwa mwendo huo huo. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini kwenye mashindano makubwa ya Ulaya mtu huweza kukaa saa nne katikati ya kundi akinywa maji na kuzungumza, ilhali kundi linakimbia kilomita 40 kwa saa.

Na jambo moja ambalo wengi hawaliamini: hata wa mbele hupata nafuu kidogo akifuatwa. Hewa iliyovurugika nyuma ya mgongo wake humvuta nyuma, na mtu akiikalia nafasi hiyo, mvuto ule hupungua. Nafuu yenyewe ni ndogo mno. Lakini mimi huikumbuka kila mtu anaponiambia kwamba wanaofuata nyuma ni kupe.

Mwenye maziwa

Nilijifunza thamani ya kivuli hicho kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa nguo za mbio. Alikuwa na Black Mamba, ile baiskeli nzito nyeusi isiyo na gia ambayo imelea nyumba nyingi Kenya, na mitungi miwili ya maziwa imefungwa kwa mipira ya tyubu kila upande wa keria. Tulimkuta asubuhi yenye ukungu karibu na Uplands. Tulipompita, hakutuacha. Aliongeza mwendo kwa mizunguko michache, akaingia nyuma ya mtu wa mwisho, akakaa hapo, maziwa na yeye, hadi alipofika njia panda yake. Hakuna aliyemfundisha. Mgongo wake ulijua.

Baadaye alinieleza kwamba desturi yake ni kungoja lori linalopanda polepole, akalishika kwa nyuma. Nilimwomba aiache, na ninamwomba kila msomaji mwenye desturi hiyo aiache pia. Kivuli cha lori ni kikubwa na kitamu, lakini huoni shimo lililo mbele yake, dereva hakuoni kabisa, na akivuta breki hakufikirii. Ukifuata baiskeli, unaweza kuona juu ya bega la mwenzako, ukasikia pumzi yake, na yeye anajua kwamba uko. Kukujua huko ndiko kunakofanya kubanana kuwe salama. Lori halina habari nawe.

Anayeanguka ni wa nyuma

Sasa nusu ya pili ya swali la mama, ile ya kuanguka.

Ni kweli kwamba wa mbele akianguka ghafla, walio nyuma yake wana nafasi ndogo sana ya kujiokoa. Sitamficha mtu. Lakini kuanguka kwa namna hiyo si kwa kawaida. Ajali ya kawaida ya kundi ni ndogo na ina sura moja: gurudumu la mbele la anayefuata linagusa gurudumu la nyuma la anayefuatwa. Na hapo anayeanguka karibu kila mara ni wa nyuma.

Baiskeli husimama kwa sababu wewe, bila kujijua, unageuza usukani kidogo kila wakati, kushoto, kulia, kulipeleka gurudumu la mbele chini ya uzito wako. Mtoto anayejifunza hufanya hivyo kwa fujo mpaka tunacheka, na mtu mzima hufanya kwa utulivu usioonekana. Gurudumu la mbele likigusa la mwenzako kwa ubavu, usukani hauna tena uhuru wa kugeuka, uzito unaelemea upande mmoja, na kabla hujaelewa umelala kwenye lami. Gurudumu la nyuma la mwenzako halina usukani wa kupoteza, kwa hiyo yeye hutikisika tu na kuendelea.

Nimelala kwenye lami hivyo mara moja. Mwezi wangu wa pili katika klabu, nilikuwa nikikodolea macho gurudumu lililo mbele yangu kana kwamba litakimbia. Mwenzangu aliposogea kidogo kukwepa jiwe, mimi sikuliona jiwe, nililiona gurudumu tu. Niliondoka na kiwiko kilichochubuka na fundisho ambalo sasa nampa kila mgeni: usitazame gurudumu. Tazama nyonga na mabega ya aliye mbele yako, na mbali zaidi yake, barabara. Gurudumu utaliona kwa pembe ya jicho bila kulitafuta.

Watu huuliza pia, je, nusu meta inatosha kweli? Inategemea mwendo unavyobadilika, wala si mwendo wenyewe. Watu wawili wakienda wote kilomita 30 kwa saa, baina yao hakuna mwendo wowote. Ni kama abiria wawili walioketi basi moja, mmoja akampa mwenziwe karanga. Wa mbele akipunguza taratibu kutoka 30 hadi 28, nusu meta hiyo humalizika kwa karibu sekunde moja, muda wa kutosha kwa mtu aliye macho kuacha kukanyaga pedali. Akivuta breki ghafla akashuka hadi 10, nusu meta humalizika kufumba na kufumbua. Hapo hakuna binadamu atakayewahi. Kwa hiyo usalama wa kundi uko kwenye utulivu wa anayetangulia kuliko kwenye ujasiri wa anayefuata.

> Kwa ufupi
> Kukaa nyuma ya mwenzako kunaokoa robo hadi theluthi ya nguvu. Kunafaa tu pale ambapo wa mbele hashtuki na wa nyuma hasinzii.

Zamu

Kama faida yote iko nyuma, nani atakubali kukaa mbele?

Kila mtu, kwa zamu. Kwenye barabara tulivu za Tigoni sisi huenda wawili wawili, na kwenye barabara kuu mmoja mmoja, tukibana ukingo. Anayetangulia anakata upepo, ndivyo tunavyosema, kwa dakika chache. Akimaliza, anachungulia nyuma, anatoa ishara kwa kiwiko, anasogea pembeni, anaacha kusukuma kwa nguvu, na kundi linampita taratibu huku akishuka hadi mkiani. Pale mkiani anaongeza kidogo ili asiachwe, anashika gurudumu la mwisho, anapumzika. Aliyekuwa wa pili sasa ni wa kwanza. Ukiwatazama kutoka juu ya daraja utaona mnyororo unaojizungusha.

Inaonekana rahisi. Si rahisi, na kosa linalofanywa na karibu kila mgeni nililifanya mimi kwa moyo wangu wote. Zamu yangu ya kwanza ilipofika, karibu na Kimende, niliona barabara tupu mbele yangu na watu kumi na wawili nyuma, nikataka wajue kwamba mimi si mzigo. Nikasukuma. Upepo ukanijaa usoni, nikasikia raha ya ajabu. Baada ya muda niligundua kwamba sisikii tena minyororo nyuma yangu. Nilipogeuka, kundi lilikuwa limekatika vipande vitatu, na binti aliyekuwa amejiunga wiki ile alikuwa nukta mbali kwenye ukungu.

Mzee wa klabu yetu, mtu aliyestaafu kiwanda cha viatu na ambaye ameendesha barabara hiyo tangu mimi sijazaliwa, alinifikia bila kuhema.

“Kijana, ulipofika mbele ulitukimbia,” aliniambia. “Ulitaka tukuone, au ulitaka tufike?”

Sikuwa na jibu.

Kanuni aliyonifundisha siku hiyo ndiyo ngumu kuliko zote: ukichukua zamu, usibadilishe mwendo. Kama kundi lilikuwa linakwenda 28, endelea na 28. Kama una nguvu nyingi, kaa mbele kwa muda mrefu zaidi, usiende kwa kasi zaidi. Kama huna nguvu, kaa nusu dakika kisha utoke, hakuna atakayekuhukumu. Mwenye nguvu analipa kwa muda, mnyonge analipa kwa kidogo alichonacho, na mwendo haukatiki.

Kosa hilo lina ndugu yake, naye ni wa chinichini. Mnapokwenda wawili sambamba, mwenzio yuko pembeni yako, nawe unatangulia kwa nusu gurudumu tu. Yeye anaongeza ili mlingane. Unaongeza tena nusu. Hakuna aliyesema neno, hakuna aliyetangaza mashindano, lakini baada ya kilomita tano watu wa nyuma wanatweta na hawajui kwa nini. Naliona tendo hili kuwa ni ukosefu wa adabu hasa, sawa na kumkatiza mtu kila anapofungua kinywa. Mikono ya usukani wako na wa jirani yako ilingane. Basi.

Mikono na sauti

Aliye nyuma haoni barabara, kwa hiyo aliye mbele ni macho yake. Kila klabu ina lugha yake, lakini ya kwetu ni hii:

- Kidole kikielekezwa chini, upande wowote: kuna shimo au jiwe upande huo. Kama ni kubwa, unapaza sauti, “Shimo!”
- Kiganja kikipeperushwa mgongoni kuelekea upande mmoja: kuna kitu ukingoni, labda gari lililosimama au mbuzi, tusogee upande ambao kiganja kinaelekea.
- Kiganja wazi kikishushwa: tunapunguza mwendo.
- Ngumi juu: tunasimama.
- “Matuta!” hupokezanwa kutoka mbele kwenda nyuma.
- “Gari nyuma!” hupokezanwa kutoka nyuma kwenda mbele.

Neno kupokezana lina uzito wake. Ishara ikitolewa na wa kwanza ikafia kwa wa tatu, wa nne yuko gizani. Nimeona mgeni mwenye miguu ya ajabu akikataliwa kwa upole kukaa katikati ya kundi kwa wiki tatu nzima kwa sababu hiyo moja: hakupokezana. Na mikono isiwe kila kitu. Mtu akihitaji mikono yote miwili kwenye usukani kwa usalama wake, asitoe ishara, apige kelele.

Mahali pa upepo

Ukipita Kimende, upande wako wa kushoto ardhi inaporomoka kwenda Bonde la Ufa, na chini ya ukingo huo iko Kijabe. Jina hilo ni la Kimaasai, na maana yake ni mahali pa upepo. Waliolitoa hawakukosea. Kuna siku bonde linatupumulia kutoka pembeni mpaka baiskeli inalala upande kama mtu mwenye mzigo bega moja.

Hapo kanuni ya kukaa nyuma inageuka. Upepo ukitoka kushoto, kivuli cha mwenzako hakiko tena nyuma yake, kimeangukia nyuma upande wa kulia, kama vile kivuli cha jua kinavyohama saa tisa. Anayejua husogea kulifuata eneo hilo, anayemfuata naye husogea zaidi, na kundi linachora mstari wa mshazari unaokatiza barabara. Kwenye mashindano ambako barabara imefungwa, mstari huo huenea kutoka ukingo hadi ukingo. Wasiopata nafasi ndani yake hulazimika kufuatana pembezoni bila kivuli, na mara nyingi hapo ndipo mashindano huamuliwa, kwenye tambarare, bila mlima hata mmoja.

Sisi hatuna barabara iliyofungwa. Tuna malori, matatu na mabasi ya usiku ambayo madereva wake hawajalala. Kwa hiyo siku ya upepo wa Kijabe mshazari wetu ni wa watu wawili au watatu tu ndani ya ukingo, wengine wanakubali kuteseka, na zamu zinafupishwa ziwe za nusu dakika. Wapo wanaonung'unika kwamba tunapoteza mwendo. Nami nasema mwendo upotee. Hakuna kilomita inayostahili kuingia mbele ya lori.

Mlimani

Kwenye mlima mkali mwendo hushuka hadi kilomita 10 kwa saa au chini ya hapo, na ile hesabu ya mwanzo inajipindua. Hewa haidai kitu, uzito unadai kila kitu. Kivuli cha upepo karibu hakina kazi, na kila mtu anabaki na mapafu yake. Kundi lolote la kweli hukatika mlimani, na halipaswi kuona haya. Linaungana kileleni.

Watu wa nyanda zetu za juu wana sifa ya mapafu, na wengi hudhani mapafu yanatosha. Hayatoshi. Ukitoka Limuru ukishuka kuelekea Nairobi utafika Kikuyu, na katika kijiji cha Mai-a-Ihii ndipo David Kinjah alipowalea vijana wa kundi la Safari Simbaz. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kukutana na Kinjah akiwa mvulana mdogo. Froome alikuja kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini mwaka ninaoupenda kuutaja ni ule wa kabla ya huo wote. Mwaka 2012 alimaliza wa pili, akimtumikia kiongozi wa timu yake, Bradley Wiggins. Kwenye mlima wa La Toussuire aliongeza mwendo, akamwacha kiongozi wake nyuma, kisha akapunguza akamngoja. Ulimwengu mzima uliona kwamba ana nguvu za kwenda. Hakwenda. Wako wanaosema alidhulumiwa siku ile. Mimi naona mtu aliyejua zamu ni ya nani.

Asmara nayo iko juu kama Limuru, na baiskeli huko ni mchezo wa kila mtaa. Mtoto wake Biniam Girmay alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kurudi na jezi ya kijani, inayotolewa kwa mkusanyaji bora wa pointi. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mashindano hayo. Hatua zake hazikuamuliwa na mapafu peke yake. Ziliamuliwa kwa kujua, katikati ya watu zaidi ya mia wanaobanana kwa mwendo wa pikipiki, kivuli cha nani ukikalie na ukiache meta ngapi kabla ya mstari. Ufundi huo haununuliwi pamoja na baiskeli. Hupatikana Jumapili moja baada ya nyingine, nyuma ya mgongo wa mtu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na vijana wetu waliosafiri kwenda kutazama walirudi wakizungumza juu ya kubanana kuliko juu ya milima.

Nduma mfukoni

Jambo dogo, lakini limewaangusha wengi kuliko mashimo. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye misuli na ini, na kwa mtu anayejituma akiba hiyo hupungua sana baada ya saa moja na nusu au mbili. Ikiisha, haishi kwa taarifa. Miguu inakuwa ya pamba, macho yanafifia, na mtu aliyekuwa akitania anaanza kukasirishwa na kila neno. Katika kundi hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa njaa huondoa umakini kabla haijaondoa nguvu. Kula kabla hujaona njaa: kipande cha nduma, ndizi, kiazi kitamu, andazi. Maji kidogo kidogo. Na ukiona jirani yako amenyamaza ghafla, mpe ndizi yako kwanza, maswali baadaye.

Wa mwisho

Klabu nyingi zina sheria mbili za kurudi nyumbani. Ya kwanza husema anayeachwa ameachwa, atajijua. Hiyo ni ya mazoezi ya wanaoshindana, na ina nafasi yake siku za katikati ya wiki. Ya pili husema hakuna anayeachwa. Sisi Jumapili tuna ya pili, na utekelezaji wake ni wa vitendo vitatu: mmoja mwenye nguvu hukaa mkiani tangu mwanzo hadi mwisho, kundi husubiri kila kilele na kila njia panda, na tukifika stendi ya Limuru tunahesabu vichwa kabla mtu hajafungua kofia.

Jumapili ile ya swali la mama wa karoti tulitoka watu kumi na wanne. Tulirudi kwa kasi, ukungu umeshuka tena, wote tukiwa na hamu ya supu. Stendi tulihesabu kumi na watatu. Tukahesabu tena. Aliyekuwa zamu ya mkiani alikuwa amepata pancha karibu na Uplands, akapaza sauti, na sauti yake haikupokezanwa. Simu yake haikuwa na chaji. Alikuwa na kiraka, lakini pampu yake ilikuwa kwangu, niliiazima tukiwa Soko Mjinga nikasahau kuirudisha.

Niligeuza baiskeli. Mzee akageuza yake bila kuulizwa, na yule binti ambaye zamani nilimwacha Kimende akageuza ya tatu. Kutoka Limuru kwenda Uplands saa ile upepo ulikuwa wa usoni. Nilipita mbele. Baada ya dakika tatu hivi nilisikia mnyororo pembeni yangu, na binti akanipungia kiganja nishuke nyuma.